Dozi ya Mdundo kwa Mwenye Kiharusi

Leo tuzungumze juu ya muziki mahali ambapo hatukuzoea kuuweka, yaani katika mazoezi ya mtu aliyepatwa na kiharusi. Kila mtu anakubali kwamba muziki huliwaza, hupunguza mawazo, humfanya mgonjwa aone saa zinakwenda. Sina ugomvi na hayo. Lakini sifa hizohizo ndizo zinazoufanya muziki uonekane kitu cha ziada, ukiwepo vizuri na usipokuwepo hakuna kilichopungua. Mimi nasema zaidi ya hapo. Kwa mwenye kiharusi, kinachofanya kazi kubwa ndani ya muziki ni mdundo, yale mapigo yanayorudi kwa nafasi zilizo sawa. Mdundo huo unaweza kupimwa, kuandikwa kwenye faili na kuongezwa kidogo kidogo kama daktari anavyopanga dozi, na hospitali zetu, hata nyumba zetu, zinaweza kuutumia bila kungoja mashine ya bei mbaya. Nitaonyesha hoja hiyo imesimama juu ya nini, kisha nitawajibu wanaoikataa, maana wapo na baadhi yao wana sababu za kutosha.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika sehemu ya ubongo kwa sababu mshipa umeziba, au inapomwagika ndani ya kichwa kwa sababu mshipa umepasuka. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwahesabu wagonjwa wapya katika sehemu mbili za Tanzania, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na eneo moja la Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilipata wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam wapatao 316. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilivipita vya nchi nyingi tajiri. Wengi wa wanaonusurika hawarudi kama walivyokuwa: mkono umelegea, mguu unaburutwa, na karibu mmoja kati ya kila watatu amepata shida ya usemi ambayo waganga huiita afasia. Kazi ya kumrudisha mtu huyu katika maisha yake huanza pale dripu inapoondolewa, na kwetu kazi hiyo mara nyingi huangukia mke, binti au mjukuu ambaye hajaelekezwa la kufanya.

Ushahidi wa mguu ndio ulio imara kuliko wote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mtu aliyepooza upande mmoja hutembea kwa kuchechemea: mguu mzima unawahi, mguu mgonjwa unachelewa, na hatua moja ni ndefu kuliko nyingine. Michael Thaut na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, waliuliza swali jepesi: je, mgonjwa akipewa pigo la kukanyagia, hatua zitasawazika? Mwaka 1997 walitoa matokeo ya wagonjwa 20, na mwaka 2007 wakatoa ya wagonjwa 78 wa Marekani na Ujerumani. Katika jaribio hili la pili, kundi moja lilifanya mazoezi ya kutembea kwa kufuata mdundo, na kundi jingine likafanya mazoezi ya kawaida yanayofundishwa katika vyuo vya fiziotherapia. Makundi yote mawili yalifanya nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 3. Waliofuata mdundo waliongeza kasi kuwazidi wenzao kwa takriban mita 13 kwa dakika, hatua zao zikarefuka, na miguu ikaanza kupishana kwa usawa zaidi. Angalieni kwamba muda wa mazoezi ulikuwa sawa. Asije mtu akasema hawa walipona kwa kuwa walitembea zaidi, kwani tofauti kuu ilikuwa lile pigo.

Namna yenyewe ya kufanya haina siri. Mgonjwa anatembea kwa mwendo wake wa kawaida, mtu akiwa ameshika upande uliolegea ili asianguke, na mtoa mazoezi anahesabu hatua zake kwa dakika moja. Tuseme zimetoka 52. Metronomu, yaani chombo cha kutoa mapigo yaliyo sawa, ambayo siku hizi ni programu ya bure kwenye simu, inawekwa kwenye mapigo 52, na mgonjwa anaambiwa akanyage pale anaposikia pigo. Hapo mtu asimharakishe. Robo ya kwanza ya zoezi inabaki kwenye mwendo uleule wake, ili kwanza hatua zilingane. Baadaye mapigo yanapandishwa kwa asilimia 5, kutoka 52 hadi 55 hivi, na yakishakaa vizuri yanapandishwa tena. Mwishoni sauti inazimwa kwa muda mgonjwa akiendelea kutembea, inawashwa, inazimwa tena, ili mwili ujifunze kushika mdundo bila kuegemea simu. Anayetaka kutumia wimbo badala ya mlio mkavu wa metronomu na autumie, mradi achague wenye kasi inayolingana na hatua alizohesabu. Rumba la taratibu la bendi zetu za zamani linaweza kumfaa mtu wa hatua 50 na kitu, ikiwa atakanyaga pigo moja na kuacha moja. Sebene ya Kikongo, na naisema kwa mapenzi yote niliyonayo kwa sebene, inakimbia mno kwa mgonjwa wa wiki ya tatu.

Kwa nini mguu ulegee kwa amri na ukubali kwa ngoma? Jibu liko katika jinsi sikio lilivyounganishwa na sehemu za ubongo zinazoendesha viungo. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba mtu anaposikiliza mdundo wenye mapigo dhahiri, sehemu zinazopanga mwendo huamka hata kama amelala kimya bila kutikisa kidole. Tena mdundo hutoa kitu ambacho amri ya mdomo haitoi, yaani taarifa ya mapema. Ukimwambia mgonjwa "piga hatua", anasikia, anatafsiri, anaanza kujipanga, na mguu umeshachelewa. Pigo likiwa linarudi kwa nafasi zilizo sawa, ubongo unajua linalofuata litaangukia wapi, na misuli inaanza kujikaza kabla halijafika. Kiharusi huharibu mahali pamoja, lakini njia za sauti na mwendo ni nyingi, nyingine zinapita chini kabisa karibu na uti wa mgongo, na zile zilizobaki salama zinaweza kubebeshwa kazi.

Tukitoka mguuni twende mdomoni, hoja inakuwa ngumu zaidi na kwangu inavutia zaidi. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alimweleza mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitoa silabi moja tu, "tan", kila alipotaka kusema lolote. Alipofariki, ubongo wake ulionekana umeharibika upande wa kushoto kwa mbele. Watu wa namna hiyo huelewa mengi wanayoambiwa, wanajua wanachotaka, ila neno haliji. Hata hivyo wengi wao huweza kuimba. Msweden Olof Dalin aliliandika jambo hilo tangu karne ya 18, akimweleza mtu asiyeweza kuongea lakini aliyeimba nyimbo za kanisani pamoja na wenzake. Mwaka 1973, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm wa Boston waliligeuza kuwa tiba, ambayo kwa Kiswahili naweza kuiita tiba ya kughani. Mtabibu anakaa mezani mbele ya mgonjwa, anamshika mkono wa kushoto, maana wa kulia mara nyingi ndio uliolegea, na anaugongesha mezani mara moja kwa kila silabi huku akighani sentensi fupi kwa sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwanza anaivumisha mdomo ukiwa umefumbwa. Kisha wanaghani pamoja, kisha mtabibu ananyamaza katikati na kumwachia mgonjwa amalizie, kisha mgonjwa anarudia peke yake, na mwisho anaulizwa swali ambalo jibu lake ni sentensi ileile. Siku zikienda, ughani unapunguzwa mpaka kinachobaki ni usemi wa kawaida.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba siri ya tiba hii ni mahadhi: kwamba wimbo unakaa upande wa kulia wa ubongo, na kwa hiyo upande wa kulia unaushika mkono upande wa kushoto ulioumia. Mwaka 2011 Benjamin Stahl na wenzake huko Ujerumani waliigawanya ile tiba vipande vipande. Wagonjwa 17 walitamka maneno kwa kuimba, kwa kufuata mdundo bila kuimba, na kwa namna nyingine za kulinganisha. Kuimba hakukuzidi kutamka kwa mdundo. Kilichosaidia, hasa kwa wale ambao kiharusi kiliwaumiza sehemu za ndani za ubongo, ni mdundo, na kingine kilichosaidia sana ni maneno yenyewe kuwa yamezoeleka. Hapa ndipo ninapopata ujasiri wa kusema ninayoyasema. Mguu na ulimi ni viungo tofauti, watafiti ni tofauti, nchi ni tofauti, na kote mkono umenyooshwa kwenye kitu kilekile.

Nikilitazama jambo hili kwa jicho la Kiswahili, naona lugha yetu imeshafanya nusu ya kazi. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu, zinahesabika kwa urahisi, na mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho bila kubahatisha. "Nipe maji" ni mapigo manne. "Nataka kulala" ni sita. Hata ile m ya "mtoto" inapata pigo lake yenyewe. Mwenye Kiingereza lazima akae afikirie mkazo uko wapi na konsonanti tatu zilizobanana azigawe vipi, lakini mjukuu wa darasa la nne wa hapa kwetu anaweza kugonga meza sawasawa kwa sentensi yoyote ya nyumbani. Na kuhusu maneno yaliyozoeleka, nani ana hazina kama yetu? Salamu zetu ni majibizano yaliyokaa ulimini tangu utotoni. Mtu mwenye afasia anaposikia "shikamoo", mara nyingine "marahaba" inamtoka kabla hajaitafuta. Hesabu ya moja hadi kumi, siku za wiki, sala aliyoisoma maisha yake yote, vyote hivyo huweza kutoka wakati jina la mwanawe limegoma. Mtabibu mwenye busara anaanzia hapo, kisha anabandika sentensi mpya kwenye mdundo wa zile za zamani.

Sina budi kuutaja pia utafiti wa Helsinki, Finland, kwa sababu unanukuliwa sana, na mara nyingi unanukuliwa vibaya. Mwaka 2008 Teppo Särkämö na wenzake waliwagawa wagonjwa 60 katika makundi matatu: la kusikiliza muziki wanaoupenda, la kusikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti, na la matibabu ya kawaida tu. Makundi mawili ya kwanza yalisikiliza angalau saa moja kila siku kwa miezi miwili. Kundi la muziki lilipata nafuu kubwa zaidi katika kumbukumbu ya maneno na katika uwezo wa kuweka mawazo mahali pamoja, na halikuzama katika huzuni kama kundi la matibabu ya kawaida. Ni matokeo mazuri, tena ya bei rahisi. Lakini kusikiliza hakukumnyanyua mtu akatembea, wala watafiti wenyewe hawakudai hivyo. Anayemwekea baba yake taarab asubuhi hadi jioni akidhani amemaliza mazoezi ya mguu amechanganya mambo mawili.

Sasa pingamizi. La kwanza ni la wanasayansi: majaribio haya ni madogo. Kweli. Mapitio makubwa ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima majaribio ya tiba, ya mwaka 2017 yaliyoongozwa na Wendy Magee yalikusanya majaribio 29 yenye watu 775 walioumia ubongo, wengi wao kwa kiharusi, na idadi hiyo kwa jambo la dunia nzima si kubwa. Tena mgonjwa huwezi kumficha kama anatibiwa kwa muziki au la, kama unavyoweza kumficha kidonge cha kweli na cha bandia. Hata hivyo mapitio hayohayo yalipotazama mdundo na kutembea, katika majaribio 9 yenye watu 268, yalipata ongezeko la kasi la mita 11 na kitu kwa dakika, na yakaupa ushahidi huo daraja la wastani. Kwa usemi na kwa mkono ushahidi ulikuwa dhaifu zaidi. Mimi nausoma hivi: kwa mguu tuna sababu ya kuanza leo, kwa ulimi tuanze kwa tahadhari na kuandika tunachokiona. Hao wanaosema tungoje utafiti mkubwa waniambie pia mgonjwa akae vipi kitandani wakati anaungoja, kwani wiki za mwanzo ndizo ubongo unapojipanga upya kwa kasi.

Pingamizi la pili linaniuma zaidi, kwa kuwa limetoka ndani ya tiba yenyewe. Huko Uholanzi, Ineke van der Meulen na wenzake waliijaribu tiba ya kughani kwa wagonjwa 27 ambao kiharusi chao kilikuwa bado kipya, na ikasaidia. Walipoijaribu kwa wagonjwa 17 waliokaa na afasia zaidi ya mwaka, faida ilikuwa ndogo na ilififia mazoezi yaliposimama. Tena faida kubwa huonekana kwenye sentensi zilizofanyiwa mazoezi, haimwagiki kwa wingi kwenye sentensi nyingine. Basi tukubali kwamba hairudishi lugha nzima. Lakini hebu tufikirie mtu ambaye kwa miezi minne ameshindwa kusema kama ana kiu, kama anaumwa, kama anataka kwenda msalani. Akipata sentensi tano tu zinazotoka sawasawa, mambo mengi nyumbani yanabadilika, kuanzia nguo za kufua hadi hasira za mchana. Ndiyo maana sentensi za mazoezi zichaguliwe na watu wa nyumba ile, zisitolewe kwenye kitabu. Na ndiyo maana tiba ianze mapema.

Liko pingamizi la tatu, nalo ni la kwetu wenyewe. Wapo Waislamu wanaoona ala za muziki hazifai, na wapo Wakristo wasiotaka nyimbo za dunia karibu na mgonjwa. Wapo pia wanaohofia kwamba tukiingiza ngoma wodini tutarudisha dhana kwamba kiharusi ni pepo. Hofu hii si ya kubuni: uchunguzi uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2008 uliwakuta watu wengi wa Dar es Salaam wakikieleza kiharusi kwa majini au uchawi, wakati Hai wengi walitaja sababu za kawaida za mwili. Hapa ndipo inapofaa kujua kwamba kinachotibu ni mdundo. Asiyetaka ala apigiwe makofi, ahesabiwe moja mbili moja mbili, au awekewe mlio wa metronomu, ambao haujawahi kumpandisha mtu shetani. Anayependa kaswida ya dufu akanyage kwa dufu, na wa kwaya akanyage kwa kwaya. Na mganga wa ngoma za pepo akidai kwamba hata yeye alikuwa akifanya hivyohivyo, aulizwe tarakimu: mgonjwa alianza na hatua ngapi kwa dakika, na wiki ya tatu alikuwa na ngapi?

La mwisho nililolisikia ni la mipango. Tuna wataalamu wachache wa fiziotherapia, wa usemi ndio haba kabisa, na fedha kidogo iliyopo ni bora iende kwenye kupima presha na kuwafikisha watu hospitalini mapema. Kwa upande wa presha nakubali bila masharti. Kuzuia kiharusi kimoja ni bora kuliko kutibu vitatu, na anayesoma hoja yangu kama sababu ya kuacha vidonge amenielewa kinyume. Ila mdundo haushindanii fungu hilo. Hauhitaji jengo wala chombo kilichoagizwa ng'ambo, na mtaalamu mmoja anaweza kumwonyesha ndugu wa mgonjwa mbele ya macho yake, akamwona akifanya, akamsahihisha, ndani ya asubuhi moja kabla ya ruhusa. Mgonjwa anaporuhusiwa hupewa karatasi ya dawa za presha. Kwenye karatasi hiyohiyo ipo nafasi ya mistari mitatu. Wa kwanza ni mapigo ya kuanzia kwa dakika na tarehe yaliyopimwa. Wa pili ni dakika za kutembea kwa siku na jina la atakayeshika upande uliolegea. Wa tatu ni sentensi tano za kughani. Siku ya kliniki, presha ikishapimwa, mtoa mazoezi amtembeze mgonjwa kwa dakika moja, ahesabu hatua, aandike tarakimu mpya chini ya ile ya zamani, na kama haijapanda, amuulize ndugu aonyeshe jinsi anavyofanya nyumbani, kisha abadilishe dozi.